Mkwe Aliyesimama Uani

Mafunzo ya ambulansi tuliyaanzia Mbale, katika chumba chenye dirisha linalotazama mlimani, na mgonjwa wetu alikuwa mwanasesere wa plastiki asiye na miguu. Tulimfungua mdomo, tukamkandamiza kifua, tukamuuliza kwa sauti kama anatusikia. Hakuwahi kutapika, wala hakuwa na ndugu waliosimama pembeni wakilia. Kisha tukagawanywa kwenda kwa wagonjwa wa kweli, nami nikapangiwa Jinja.

Nyumbani kwetu ni Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Mama yangu, ambaye anauza vitenge sokoni Mbale, hakuelewa kwa nini mtu aende Jinja kujifunza kubeba wagonjwa wakati Mbale wapo tele. Sikumweleza kwamba nilifurahi kwenda mbali. Niliogopa kwamba mgonjwa wangu wa kwanza angenifia mikononi, na ikiwa lazima iwe hivyo, nilitaka itokee mahali ambapo hakuna anayemjua mama yangu.

Gari letu lilikuwa na watu wawili kabla yangu. Mkuu wa zamu alitoka Lango, kaskazini mwa nchi, na kabla ya ambulansi alikuwa muuguzi wa magereza. Watu wote walimwita afande. Kiswahili chake kilikuwa cha huko alikotoka kazini: kifupi, kikavu, hata alipoomba chumvi ungedhani anakuamuru uitoe. Dereva alikuwa Msoga, mzaliwa wa Jinja, na hakuweza kukaa kimya. Afande hakujua Lusoga, dereva hakujua Kilango, na mimi nimekulia kwenye Kiswahili cha Waislamu wa Mbale, kwa hiyo hicho ndicho tulichozungumza garini, kila mtu na chake.

Asubuhi moja ya Ijumaa, katika mwezi wa Ramadhani, afande aliniambia nimpime dereva presha kwa mazoezi. Nilishindwa hata kufunga ile pampu kwenye mkono wake.

“Wee, dada,” dereva alisema, “mkono yako inatetemeka hivi, umegusa mkwe wako?”

“Sina mume. Mkwe nimtoe wapi?”

“Basi umegusa ya jirani.”

Nilicheka kwa sababu utani huo ni wa kwetu pia. Huko Busoga, kama kwetu Bugisu, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawakai chumba kimoja, hata njiani mmoja hupinda akimwona mwenzake. Anayevunja mwiko huo, wanasema, atatetemeka mikono mpaka uzeeni. Dini yetu haikatazi mtu kumsalimia mama wa mkewe, lakini nimewaona waswalihina wa Mbale wakiruka mtaro ili wasikutane naye.

Afande hakucheka. “Mwanafunzi lazima atetemeke,” alisema. “Ile hatetemeki, hiyo ndiyo mimi naogopa.” Akaniamuru nifunge pampu upya.

Simu iliingia mchana, watu wakielekea msikitini. Afande aliipokea, akasikiliza, akaandika mtaa: upande wa Nalufenya. Mwanamume mmoja alikuwa amempigia kusema kwamba mama mzee ameanguka nyumbani, lakini sasa amelala vizuri na anapumua. Tuliondoka bila king’ora. Afande alinipa simu huku gari likitoka getini.

“Pigia yeye tena. Uliza yote. Usiache kitu.”

Kuuliza naweza. Tangu utotoni mama alinilalamikia kwamba nauliza wageni maswali mengi kuliko polisi. Nilimpigia yule mwanamume, naye akaitika upesi, akiniita musawo kama watu wa huku wanavyomwita kila mtu aliyevaa sare ya hospitali.

“Mama ana umri gani?”

“Mzee kidogo, musawo. Wajukuu wengi.”

“Anakunywa dawa gani?”

“Za sukari. Vidonge.”

“Na leo amefunga?”

“Anafunga. Daktari alimkataza, binti yake pia amemkataza. Hasikii.”

“Sasa hivi anafanya nini?”

“Amelala. Anakoroma.”

“Ana jasho?”

Nilisikia ndala zake zikisogea, zikasimama.

“Hiyo siwezi kujua, musawo.”

“Mguse kwenye paji la uso, uniambie kama ni baridi au moto.”

“Siwezi.”

“Mikono yako imeumia?”

“Mikono mizima.”

“Uko wapi?”

“Uani.”

“Yeye yuko wapi?”

“Chumbani.”

“Umemwona kwa macho saa ngapi?”

“Sijamwona, musawo,” alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Tangu ametoka Mbale kuja hapa sijamwona hata siku moja. Ni mama mkwe wangu. Nilikuwa natawadha niende msikitini, nikasikia kitu kimeanguka ndani. Nikaita, hakuitika. Halafu nikasikia anakoroma.”

Nilimfikishia afande maneno hayo kama nilivyoyasikia. Kila tulichokuwa tunajua juu ya mgonjwa wetu kilikuwa kimepita ukutani.

“Mtu ya sukari amefunga, ameanguka, anaitwa haamki, anakoroma,” afande alisema. “Huyo halali. Ulimi inafunga njia ya hewa.” Akanyoosha mkono, akawasha king’ora.

Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Nilimwambia yule mwanamume aingie ndani amlaze ubavu. Akasema ndiyo, ndiyo, musawo, na nikasikia nyayo zake zikienda na kurudi kwenye saruji, zikienda na kurudi, bila mlango kufunguliwa. Sikumkaripia. Nilimwuliza tu kama bado anamsikia, na kila mara alisema bado, mpaka akasema, “Sasa anakoroma kidogo, halafu ananyamaza, halafu tena.” Nikamtazama afande. Afande alimtazama dereva, naye dereva akakanyaga mafuta.

Gari halikuweza kuingia kichochoroni. Tulishuka na machela na mfuko wa vifaa, tukapita nyuma ya nyumba. Mtaa ulikuwa umenyamaza, wanaume wako kwenye swala, wanawake sokoni. Uani alisimama yule aliyetupigia simu, kijana mrefu mwenye kanzu iliyolowa mikononi. Mkewe, alituambia haraka haraka, alikuwa amempeleka mtoto mchanga kliniki, na mama huyu alikuja kumsaidia uzazi. Kwa ajili ya mama mkwe, kijana alikuwa amehama chumba chake, analala kwa rafiki, anakula barazani, na akija nyumbani husimama uani mpaka aambiwe njia iko wazi.

“Mlango ule,” alisema, akageuza uso.

Mama alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, chali, mtandio umemkaa shingoni. Jasho lilikuwa limelowesha gauni lake lote. Nilipiga magoti kichwani pake. Kwa kuwa alianguka, hatukujua shingo ikoje, kwa hiyo sikukisukuma kichwa nyuma. Niliweka vidole nyuma ya pembe za taya nikalisukuma mbele, kama tulivyofanya kwa yule wa plastiki. Huyu alikuwa na ngozi laini ya baridi iliyoteleza vidoleni. Mkoromo ukakatika. Nikainamisha sikio mdomoni pake. Kisha pumzi ikaingia, ndefu, safi.

“Shika hivyo,” afande alisema. “Usiachie mpaka mimi naambia wewe.”

Akamtoboa kidole, akaweka damu kwenye kipimo cha sukari. Kipimo hakikutoa namba. Kilisema tu kwamba iko chini mno.

“Nilete soda?” kijana aliita kutoka nje. “Ipo baridi!”

“Usilete kitu ya mdomo!” afande alijibu. “Atapaliwa huyu!”

Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja kidogo. Afande alitafuta mshipa mkono wa kulia, akakosa; akatafuta wa kushoto, damu ikachungulia ikapotea. “Giza,” alisema. “Na mishipa imekimbia. Twende garini, kuna taa.” Walimlaza mama kwenye machela, yeye na dereva, mimi nikisogea nao kwa magoti bila kuondoa vidole. Wakainua, wakateremsha tena. Afande alikuwa na mfuko na oksijeni, na alitakiwa kuwa ubavuni akitazama kifua. Mimi nisingeweza kuachia taya. Alibaki dereva peke yake, na machela ina ncha mbili.

“Kijana!” afande aliita. “Kuja beba!”

Nilisikia nyayo zake zikirudi nyuma kwenye saruji.

“Kijana!”

“Afande, naomba nikaite watu msikitini.” Sauti yake ilikuwa inakatika. “Naenda mbio, narudi na watu. Dakika chache tu.”

“Yeye hana hiyo dakika.”

Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amesimama akiupa ukuta wa jirani uso, mikono kifuani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Afande alianza kupandisha sauti ya magereza, na nikajua tungempoteza, angekimbia kweli. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumkata mkuu wangu maneno.

“Kaka,” nilisema. “Anayebeba mbele hatazami nyuma. Utashika vyuma, si mtu. Ingia kinyumenyume kama unavyosimama sasa. Nitakuelekeza.”

Dereva akaongeza kwa Lusoga maneno ambayo sikuyashika yote, ila nilisikia anamwita mulamu, shemeji, kwa upole ambao sikujua anao.

Kijana akaanza kurudi nyuma. Nilimhesabia: kizingiti, inua mguu, bado, bado, chuchumaa. Alitafuta vyuma kwa mikono nyuma yake, akavipata. Dereva alimfunika mama uso wote isipokuwa pua na mdomo, kwa heshima yake na ya mkwewe, akashika upande wa kichwa karibu nami. Tukainuka.

Njia ile ya kichochoro sitaisahau kwa sababu sikuiona. Nilitazama mdomo wa mgonjwa tu. Nilitembea kiubavu, mgongo umepinda, vidole vimekufa ganzi, nikisikiliza. Mbele yetu kijana alikuwa akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na alipofika mwisho alianza tena. Mara moja aliteleza kwenye maji ya kufulia, machela ikayumba, taya likanitoka. Mkoromo ukarudi. Nikalitafuta tena kwa vidole visivyohisi kitu, nikalipata.

Garini, chini ya taa, afande alipata mshipa. Alisukuma glukosi polepole, nami nikiwa bado nimeshika, kwa sababu hakuniambia niachie. Kijana alikuwa amekwenda kukaa mbele na dereva. Kwanza kope zilicheza. Kisha mama akaupiga mkono wangu kama anayefukuza nzi, akasema kwa Kigisu, lugha ya nyumbani kwetu, kwamba namuumiza.

“Achia,” afande alisema.

Lakini hakutuacha tupumue. Vidonge vya kushusha sukari hukaa mwilini, alisema, na sukari ya mtu huyu inaweza kushuka tena kabla ya kufika hospitali. Alinitaka nimzungumzishe njia nzima. Nilimwuliza mama jina la mjukuu, siku aliyosafiri, anakotoka Mbale. Alijibu vizuri, kisha kwa kuchoka, na kila alipochelewa kujibu nilimwinamia nikamwita tena.

Hospitalini nilimkabidhi kwa muuguzi. Muuguzi aliuliza nani alimwona akianguka. Nikasema hakuna aliyemwona, alisikika tu. Alinitazama kama anayemtazama mtu asiyejua kazi yake, nikaanza kumweleza upya.

Kijana nilimkuta nje, nyuma ya nguzo ambayo kutoka kwake mlango wa wodi hauonekani. Hakuwa amekaa, ingawa benchi lilikuwa tupu.

“Anaongea?” aliniuliza.

“Anaongea.”

“Anasema nini?”

“Anagomba. Anasema nani alimtia sukari mwilini bila kumuuliza. Anasema swaumu yake imebaki kidogo tu, mmeiharibu.”

“Ameuliza nani alimbeba?”

“Bado.”

Alifuta uso kwa mkono wa kanzu. “Kama anagomba, ni yeye,” alisema, na ndipo akakaa.

Nilitaka kukaa pia. Afande alikuwa ameshika mlango wa wodi kwa bega, kipimo mkononi.

“Mwanafunzi. Pima yeye tena.”

Nikarudi ndani.