Nyongeza ya Mama Teodomira

Saa kumi na mbili asubuhi, Teodomira Ccanto anafuta majani ya spinachi. Kuyaosha aliyaosha jana. Sasa anayafuta moja moja kwa kitambaa cha pamba, huku manyunyu ya Juni yakipenya kwenye bati lililotoboka la soko. Kila jani analigusisha shavuni. Likiwa bado na ubaridi wa maji, analirudisha kwenye kamba.

Ana miaka 61, na meza yake iko kwenye soko la mtaani mashariki mwa Lima, mji mkuu wa Peru, ubavuni mwa muuza kuku. Anauza chakula kibichi cha hamsta, wale vipanya wanene wa mkia mfupi ambao watoto wa mtaa huu wanafuga vyumbani.

Kifurushi kimoja kina kipande cha karoti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, tango lililotolewa mbegu na jani la spinachi au kichwa kidogo cha brokoli. Ijumaa anaweka tufaha, nalo bila mbegu. Bei ni sarafu moja ya soli. Nyongeza hakuna.

"Hapo ndipo ninapowaudhi," anasema. "Soko zima mtu akinunua anaongezewa, mimi sitoi. Wananiita mchoyo. Basi, waniite."

Fortunato, yule muuza kuku, anadakia kuwa mama huyu siku hizi hata salamu anaipima kwenye mizani. Wateja wanacheka. Teodomira anaendelea kufuta majani.

Zamani hakuna aliyemshinda kwa nyongeza. Alizaliwa milimani, upande wa Jauja, katika jiko lililojaa simbilisi, wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa kwa nyama. Akiwa na miaka mitano alishajua kazi: unakata alfalfa, majani ya malisho, asubuhi, unaianika, jua la milimani linainyausha kufikia adhuhuri, ndipo unawatupia. Simbilisi anakula mbele ya macho yako mpaka akamaliza. Sahani ikiwa tupu, ana njaa bado, mwongeze.

Kwa hiyo watoto wa mjini walipoanza kumuuliza, miaka minne iliyopita, hamsta anakula nini, hakuumiza kichwa. "Nilimwona ni simbilisi aliyesinyaa," anasema. "Nani angenifundisha mimi kulisha simbilisi?"

Biashara ilishika. Siku nzuri aliuza vifurushi arobaini. Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa Nayeli, mtoto wa Rosmery, mshona nguo wa nyuma ya soko. Nayeli alikuwa na miaka tisa, na hamsta wake, Turrón, alitembea naye ndani ya mfuko wa sweta. Kila akitoka shule alipita mezani, akamwambia bibi kwamba Turrón amemaliza yote, kisha akakinga mkono. Teodomira alimjaza konzi ya alfalfa. Wajukuu zake mwenyewe wako mbali, na kuitwa bibi kulimpendeza sana.

Ikaja Agosti ya mwaka jana. Lima ilikaa wiki nzima na nyingine bila kuliona jua. Alfalfa ilianikwa na kuanuliwa ikiwa mbichi vilevile, na yeye akaiuza hivyohivyo. Katika siku kumi na nne walikufa hamsta saba, wote kwa kuharisha, wameloa nyuma. Turrón alikuwa wa nne.

Rosmery alikuja na kizimba, akakitua mezani mbele ya wateja. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Teodomira zaidi.

"Mama Teo, nieleze," alisema. "Huyu alikuwa anakula vya kwako tu."

Teodomira alifungua kizimba. Aliinua pamba iliyokuwa pembeni mwa kizimba, pale mnyama alipokuwa analala. Chini yake kulikuwa na karoti nyeusi, tango lililogeuka ute, na alfalfa iliyoota ukungu, tabaka juu ya tabaka.

Hamsta ana vifuko mashavuni. Asichokila anakijaza humo, anakwenda kukificha kitandani kwake. Sahani ilikuwa tupu kila siku kwa sababu Turrón alihamisha chakula. Alikilalia kikioza, na akakila kikiwa kimeoza.

"Niliziona nyongeza zangu zote," anasema Teodomira. "Zote zilikuwa pale."

Alifunga meza siku tisa. Kisha alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba aonyeshwe vizimba, ainue pamba, atoe uchafu. Wengine walimfungulia, wengine walimjibu wakiwa ndani. Mhudumu wa kliniki moja ya wanyama alimkaririsha vya kuepuka: kitunguu, saumu, chungwa, kiazi kibichi, parachichi. Leo anauza vifurushi sita kwa siku, na anakula kwa kuuza viazi. Asubuhi hiihii mama mmoja alitaka achanganyiwe chungwa. Alinyimwa, akaondoka akinuna.

Lakini kinachomkosesha raha ni Nayeli. Miezi kumi mtoto huyo anapita upande wa pili wa njia, macho chini. Teodomira anamtengea kifurushi kila siku, na jioni anakitia kwenye supu yake. Anatamani asamehewe, ila kuomba anaona haya. "Nimemuulia mnyama wake," anasema. "Anisalimie kwa lipi?"

Saa saba mchana, Nayeli anavuka njia. Yumo ndani ya sare za shule, amekumbatia begi lake kifuani.

"Bibi," anasema.

Teodomira anamuuliza kwa sauti ndogo kama amepata hamsta mwingine. Mtoto anatikisa kichwa. Hafugi tena. Ni rafiki yake wa darasani aliyenunuliwa mmoja wiki iliyopita.

"Anasema wa kwake anamaliza yote," anasema Nayeli. "Nimeshindwa kumwambia. Mimi nilikuwa namwona Turrón akijaza mashavu, bibi. Niliona inachekesha. Halafu nakuja kwako kuomba nyongeza. Mama hajui."

Teodomira anashika ukingo wa meza. Miezi yote hii alidhani mtoto anamchukia, kumbe mtoto alikuwa amebeba mzigo uleule, peke yake. Anazunguka meza na kumshika mabega.

"Wewe uliomba, na mtoto kazi yake ni kuomba. Mimi ndiye mzee niliyetoa bila kuuliza. Mimi mwenyewe nitamwambia mama yako, leo jioni."

Nayeli anamuuliza kama Turrón aliumia.

"Aliumia, mwanangu," anasema. "Sitakudanganya."

Hapo ndipo mtoto anapolia, na bibi anamwacha alie. Baadaye anauliza nyumba ya huyo rafiki iko wapi. Iko karibu na shule, mwendo wa robo saa.

Teodomira anapanga kuzipitia nyumba zote zenye hamsta kabla ya Agosti, Nayeli akiruhusiwa kwenda naye. Vifurushi vitano bado viko mezani. Anavifunika kwa kitambaa, anamwomba Fortunato amwangalizie, na wawili hao wanatoka kwenye manyunyu, Nayeli akitangulia kuonyesha njia.