Alishusha gari alivyoagizwa, sasa anaziba pancha

Saa tatu asubuhi, Consolata Kokugonza anaziba pancha ya bodaboda kwenye gereji moja ya Kahororo, Manispaa ya Bukoba. Hatua chache kutoka hapo, mafundi wawili wanahangaika na springi ya gari la spoti. Wameiweka juu chini. Anawaona, lakini amekatazwa kuwasogelea.

"Ikifyatuka hiyo itamng'oa mtu meno," anasema, vidole vimejaa gundi.

Jamani! Fundi mwenye miaka tisa kwenye kazi ya kushusha magari anaziba pancha?

Consolata (33), mzaliwa wa Izigo wilayani Muleba, alijifunza kazi hiyo Mwanza. Kushusha ni kubadili springi na shokapu ili gari likae chini, lishike kona vizuri na, tuseme ukweli, lipendeze. Kila Desemba vijana wanaorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam humtafuta yeye.

Ana utaratibu wake. Kabla ya kukaza nati ya mwisho hupakia mikungu mitatu ya ndizi kwenye buti, huketisha watu wawili, kisha hupima kutoka chini hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Nafasi ikiwa chini ya sentimita 12, anapandisha.

"Wananicheka. Lakini waitu, ndugu zangu, nani ametoka kwao Muleba na buti tupu? Mama mkwe akikupa ndizi, utamwambia gari langu limeshushwa?"

Desemba iliyopita akaja Mwesiga, mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda kujitambulisha ukweni, Kamachumu. Alitaka gari lilale chini kabisa. Alipoona mikungu inaletwa, akaizuia: buti lina zulia jipya.

"Aliniambia, 'Mimi sibebi ndizi, dada. Shusha, acha ushamba.' Nikashusha hadi sentimita tisa. Nikamwonya mara mbili asipakie kitu."

Nancy, mama anayeuza chai getini, alikuwepo. "Nimesikia kwa masikio yangu haya. Lakini nani ananiuliza mimi?"

Huko ukweni Mwesiga alipokewa vizuri, akapewa mikungu mitano. Shangazi wawili wa binti wakaomba lifti. Angekataa vipi? Kwenye mteremko wa mawe, hata hawajafika barabarani, sampu ikagonga jiwe, oili ikaanza kumwagika. Kwa aibu ya kusimama mbele ya shangazi za mchumba, akaendelea kuendesha hivyo hivyo mpaka injini ikagoma.

Simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa kwa Byarugaba, mwenye gereji: fundi wako mwanamke ameniulia gari.

Byarugaba hakumwita Consolata kumsikiliza. "Ni fundi mzuri, sikatai," anasema. "Ila maneno haya yanatuchafua. Akae pancha kwanza."

Kwanza! Hii ni wiki ya saba. Gari moja la kushusha lilikuwa linampa Consolata Sh80,000. Pancha moja inamwachia Sh500, na ana watoto wawili wanaosoma.

Mwandishi alimpigia Mwesiga. Hakukana. "Ni kweli nilimkataza kupakia ndizi, na ni kweli alinionya. Lakini yeye ndiye fundi. Angekataa kazi."

Sikia hayo. Akibisha, mshamba. Akitii, mzembe. Mafundi wanaume wa gereji hiyo wameshakata springi kwa grenda, magari yakarudi yamepasuka tairi, na hakuna hata mmoja aliyepelekwa pancha.

Consolata anakubali kosa moja tu. "Nilijua atapewa ndizi. Nilijua kabisa! Nikaogopa kuitwa mshamba mbele ya watu. Hilo ni langu, nalibeba. Injini siibebi."

Baada ya wiki nzima ya kusumbuliwa na Consolata, Byarugaba amekubali kuwaita wote wawili Jumamosi mbele ya mafundi. Mwesiga ameahidi kufika, ingawa wiki iliyopita pia aliahidi kupita gereji na hakuonekana.

"Sitaki aniombe msamaha," anasema Consolata. "Hayo aliyokuambia wewe kwenye simu, ayaseme mbele ya wenzangu. Akishasema, alete gari lake. Nitalitengeneza mimi."

Na asipokuja?

Anainuka, anajifuta mikono kwenye ovaroli na kutazama shimo la kufanyia kazi chini ya magari, alimosimama kwa miaka yote hiyo.

"Jumatatu naingia mle. Aje kunitoa mwenye nguvu."