Muonja Chumvi wa Nyumba ya Tandika

Kazi ya kwanza aliyopewa Somoe Mwinjuma hapa duniani ilikuwa kuonja. Kila Ramadhani, baada ya alasiri, mama yake alimwita uani kwao Tandika, akamdondoshea mchuzi kwenye kiganja. Yeye ndiye pekee nyumbani aliyekuwa bado hajafikia umri wa kufunga. Akiramba, mama na bibi walimkazia macho mdomoni.

"Chumvi?"

"Kidogo bado."

Macho yale ndiyo yaliyomtia udadisi. Watu wazima walikuwa wanajua kitu ambacho yeye hakijui. Alimuuliza Bibi Rukaiya kama kumeza mate kunafunguza, na kama mtu akiota anakula pilau, saumu yake inakuwaje. Bibi alimjibu yote kwa upole, lakini akiulizwa njaa yenyewe ikoje, alisema tu, "Ukifunga utajua."

Basi alipofika darasa la tatu akatangaza kwamba mwaka huu anafunga mpaka magharibi.

"Na nani ataonja?" mama yake, Naima, akauliza. "Mie hiyo ya kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema siiwezi. Ulimi wangu mwizi."

Bibi akanyoosha kidole kwenye chumba cha mbele. Humo alipanga Auleria, msusi kutoka Bukoba, na binti yake Kokuberwa, waliyemwita Koku. Wao Wakristo, na Koku alimzidi Somoe mwaka mmoja tu. Auleria akakubali. Koku akakimbilia kazi kama aliyepewa zawadi.

Siku ya kwanza alisema kila kitu kipo sawa, na futari ikatoka chapwa. Hakujua nyumba ile inapenda chumvi kiasi gani. Kesho yake Somoe akamlisha kiporo cha futari hiyo, akamwambia iwe hivi, ila chumvi izidi kidogo. Baada ya hapo Koku hakukosea.

Lakini naye akaanza kumchunguza mwenzake. Wakirudi shule alimwambia atoe ulimi auone, maana watoto wa mtaa huo walishika kwamba ulimi wa mfungaji huwa mweupe, na wa kobe, yaani anayekula kwa kujificha, huwa mwekundu.

"Mweupe kweli," akasema siku moja. "Unasikiaje lakini?"

Somoe akajaribu kupanga maneno. "Siwezi kukwambia, Koku."

Jumamosi iliyofuata Auleria alitoka asubuhi kwenda kumsuka bibi harusi, akamwachia mtoto chai na chapati zilizofunikwa. Alasiri Naima akapika mbaazi za nazi, akaita. Koku akakinga kiganja, akakipeleka mdomoni, akageukia ukutani.

"Ongeza chumvi."

Naima akaongeza, akaita tena.

"Ongeza."

Adhana ilipoadhiniwa, wakafungua kwa tende, wakakaa kwenye mkeka. Mjomba Mudathir ndiye aliyetangulia kuchota mbaazi kwa kipande cha chapati. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanywa kikombe kizima cha maji, akamimina kingine.

"Dada Naima," akasema, "hizi umezipikia maji ya bahari?"

Bibi akaonja naye. Hakucheka. "Koku, njoo mama. Leo umeonja kweli?"

Koku alikuwa amesimama mlangoni. Midomo ilimkauka. "Sijaonja, bibi. Nimefunga."

Naima akaiweka chapati chini. Akampa mtoto tende na maji, upesi upesi, kwa sababu papo hapo Auleria alikuwa anaingia uani na begi lake la rasta za kusukia.

"Mama Koku, wallahi hatukumwambia mtoto afunge," Naima akawahi kusema. "Usije ukafikiri tunambadilisha dini."

Auleria akaelezwa. Akakaa kwenye kigoda, akamtazama mwanawe. "Huyu? Ijumaa Kuu nikimwambia asile nyama analia mpaka jioni!" Kisha akashusha sauti. "Tangu asubuhi, Koku? Hata maji?"

"Hata maji."

"Kwa nini sasa?"

"Nilitaka kujua. Somoe alishindwa kuniambia."

"Na umejua nini?"

Wote wakasogea kumsikiliza, Bibi pia, aliyefunga miaka yote ya utu uzima wake.

"Saa sita tumbo lilipiga kelele," Koku akasema. "Halafu likanyamaza. Halafu maji ya ndoo yakaanza kunukia. Mie sikujua maji yana harufu."

Somoe akaruka. "Ndiyo! Mie niliyasikia, nikadhani naota!"

Naima akacheka kwanza, wengine wakamfuata. Zile mbaazi zikachanganywa na viazi vilivyochemshwa bila chumvi, zikalika, ingawa Mudathir aliamka mara kwa mara kunywa maji mpaka daku. Koku akaambiwa akitaka kufunga tena amwombe mama yake kwanza, na aseme mapema ili apatikane muonjaji mwingine.

Auleria naye alijaribu Alhamisi moja, kimyakimya. Saa saba akanunua soda. Alidai kiu si ya kuchezea.

Siku hizi Auleria na Koku wanakaa Pugu. Somoe, sasa mtu mzima, anashona nguo Kigamboni, na jioni anahudhuria darasa la dini la akina mama, maswali yake bado hayajaisha. Mwalimu akiona mkono wake umenyanyuka, huvua miwani kwanza, akaifuta taratibu, ndipo amruhusu aulize.