Jina Lililong'olewa Ubaoni

Klabu yetu ya besiboli ilikuwa na ubao ukutani, karibu na friji ya vinywaji, wenye vibamba vya shaba vilivyochorwa majina ya wachezaji bora wa vijana, mwaka baada ya mwaka. Kibamba kimoja kiling'olewa. Palibaki matundu mawili ya skrubu na mstatili wa mbao ambao jua halikuwahi kuugusa. Nimebishana kuhusu mstatili ule kuliko nilivyowahi kubishana kuhusu Mungu, na mimi ni mtu ninayependa sana kubishana kuhusu Mungu.

Nilifika Sydney kutoka Nairobi kusoma chuo huko Parramatta, nikaingia klabuni kwa sababu walihitaji mtu wa kuandika alama na mimi sikutaka kukimbia. Hapo ndipo nilipomjua rafiki yangu, Mkongo wa Goma, aliyekuwa mrushaji wetu. Mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpinzani mwenye gongo. Akiwa mzuri, mpinzani anapiga hewa na kurudi kukaa. Yeye alikuwa zaidi ya mzuri. Timu ilikuwa ya vijana wasiozidi miaka kumi na minane, naye kwa karatasi zake alikuwa na kumi na saba, aliyezaliwa Januari mosi. Siku ya fainali aliwarudisha benchi wapinzani mmoja baada ya mwingine mpaka kalamu yangu ikachoka kuandika alama ileile. Tulichukua kombe, na jina lake likapigwa skrubu ubaoni.

Jumapili iliyofuata mama yake aliwaalika watu wa klabu kanisani kwao, ukumbi wa kukodi kule Granville, wamsaidie kumshukuru Mungu. Alikuja kocha. Alikuja pia katibu wa klabu na mkewe, wakakaa mstari wa mbele wamevaa kama wanaokwenda harusini. Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, mama akasimama, na kwa kuwa wageni hawakujua Kiswahili nikasukumwa mbele nitafsiri. Mimi, ambaye kanisani naenda kwa sababu ya pilau.

"Siku lava iliposhuka Goma," mama alisema, "huyu nilimbeba mgongoni. Ana miaka mitatu, mzito kama gunia la makaa, na njiani haachi kuniuliza moto unakwenda wapi. Leo mkono huuhuu uliokuwa umenikaba shingo umeleta kombe!"

Watu wakapiga vigelegele. Nilitafsiri yote, kwa mbwembwe, hata gunia la makaa. Nilipomaliza nilimwona katibu ametoa simu. Akasoma kitu, midomo ikacheza kama ya mtoto anayejumlisha, kisha akamtazama mkewe. Lava ilikuwa na mwaka wake, na mwaka huo uko kwenye simu ya kila mtu. Mtoto wa miaka mitatu mwaka ule hawezi kuwa na kumi na saba mwaka huu. Ana ishirini.

Barua ya ligi ilifika kabla ya Jumapili nyingine. Kombe likarudishwa, kibamba kikang'olewa. Kinachonikera mpaka leo ni hiki: tangu wafike nchi hii, hakuna ofisi iliyowahi kuliamini neno la mama yule bila karatasi. Si ya kodi, si ya shule, si ya meno. Mara moja tu neno lake lilishinda karatasi ya serikali, na ilikuwa siku hiyo.

Mama hakumlaumu mtu. Aliacha tu kutoa ushuhuda. Mchungaji alipouliza, alitazama viatu vyake. "Ulimi wangu ulishaharibu mtoto," aliwaambia wanawake wenzake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Kisha ikaja korona, na mwaka wake wa pili ukatufungia ndani. Wakazi wa ufukweni waliendelea kutembeza mbwa wao. Sisi wa magharibi ya jiji tulipewa helikopta ya polisi juu ya paa na kijiti cha kipimo puani kila siku ya tatu ili turuhusiwe kwenda kazini. Nilikuwa nimemaliza shahada yangu na kuibeba moja kwa moja hadi kwenye ghala moja la Smithfield, ambako mimi na rafiki yangu tulipanga maboksi ya karatasi za chooni, zile ambazo taifa zima lilikuwa linazipigania. Na katikati ya yote hayo, klabu isiyoweza kucheza mechi hata moja iliamua kuunda ukuta wa heshima kwa wachezaji wake bora wa nyakati zote. Kocha akapendekeza jina la rafiki yangu. Katibu akapinga. Mkutano wa mtandaoni ukaitishwa Jumamosi alasiri.

Mama akanipigia simu nikiwa kwenye mapumziko.

"Mwanangu, wewe ndiye una Kiingereza cha chuo. Nenda ukamsemee mwenzako. Wakilirudisha lile jina, hata mimi nitapumua."

"Mama, mimi si wakili."

"Kutafsiri ulijua. Kusema usijue?"

Nikakubali. Nilimfuata rafiki yangu alipokuwa amekaa juu ya godoro la mbao la kupangia mizigo, mita zake mbili za sheria mbali na kila mtu, anakula wali kwenye kopo.

"Niambie ukweli kabla sijaandika hotuba. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Umri wako."

"Weye nawe, Mkenya. Nani hajui umri wake?"

Akanieleza bila kuacha kula. Kambini walisikia kwamba anayefika kumi na nane anafunguliwa dosie, yaani faili, yake peke yake, na dosie mbili haziendi nchi moja. Yeye alikuwa na kumi na saba. Siku ya mahojiano mama akakata mitatu, kama anavyokata kitunguu, na karani akaandika Januari mosi, kama alivyowaandikia wote waliokuwa kwenye foleni.

"Hilo naelewa," nikasema. "Mama alikuwa anaokoa familia. Lakini kucheza na watoto wale?"

"Kocha aliomba kitambulisho, nikampa kitambulisho."

"Hilo ni jibu la mtu anayekwepa."

Akafunga kopo. "Njo vile. Nilitaka kurusha. Kule kwingine kote nilikuwa napanga maboksi. Unataka niseme nini?"

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu sikujua nimkasirikie nani. Nilikuwa nimeshapanga hoja nzuri sana: karatasi ni ya serikali, serikali imesema kumi na saba, klabu ni nani? Ilikuwa hoja safi na ilikuwa na uongo ndani yake. Tena maombi yake ya uraia yalikuwa bado mezani kwa mtu fulani. Neno moja likitoka kwenye mkutano ule, nani ajuaye lingefika wapi?

Jumamosi nyuso zikajaa kwenye kioo cha kompyuta. Rafiki yangu na mama yake walikuwa pamoja sebuleni kwao, simu moja kati yao. Nilidhani tutazungumza habari zao. Tulizungumza habari za Marekani. Mzee mmoja, ambaye nyuma yake kulikuwa na kabati zima la kofia, alisema huko mchezo ulikozaliwa kuna wapigaji waliojichoma sindano za misuli, wakapiga mpira mbali kuliko binadamu wote waliowatangulia, na mpaka leo milango ya ukumbi wa heshima imefungwa mbele yao. Mwanamke mmoja akajibu kwamba waliowapigia kura ya hapana ndio haohao waliowashangilia, wakawauzia watoto wao picha zao. Mwingine akaleta wanaocheza kamari, akasema bora sindano kuliko kamari, kwa sababu wa sindano angalau anataka kushinda. Wakabishana sindano na kamari saa nzima. Yupi mbaya zaidi, aliyetubu au asiyetubu, aliye hai au aliyekufa. Kwani mtu akifa kosa linapungua uzito? Nilitaka kuuliza. Na kama ukuta ni wa walio wema, mbona ubaoni kuna yule jamaa wa zamani ambaye klabu nzima inajua alimvunja mwamuzi pua? Niliuliza hilo. Mwenyekiti akasema tusitoke nje ya mada. Tulikuwa Marekani!

"Naomba mama wa mchezaji azungumze," kocha akasema hatimaye.

Likaonekana paji la uso, kisha dari.

"Mama, hatukusikii. Bonyeza kile kipaza sauti."

"Nimebonyeza!" ikaja sauti. "Ninyi ndio hamsikii tangu mwaka ule."

Sisi wa Kiswahili tulicheka. Wengine wakangoja tafsiri, nami nikawaambia anawasalimu. Kisha akaanza kweli.

"Mwanangu aliwazidi watoto wenu miaka mitatu. Ni kweli. Mimi ndiye niliyeipunguza, na sijuti, kwa sababu ningemwacha. Lakini kucheza hakukuwa kuzuri. Kuna mtoto alirudishwa benchi mara tatu, akalia. Nilimwona, nikashangilia. Kwa hiyo siwaombi mseme hana kosa. Andikeni jina lake, na chini yake andikeni kosa lake. Lile tundu tupu linasema hakuwahi kuwapo."

Nyuso zote zikanitazama mimi. Na mimi, mdadisi mkubwa, ninayewasumbua wachungaji na wahadhiri kwa kudai ukweli, nikafungua kinywa nikasema kwa Kiingereza kwamba mama anaomba msamaha kwa usumbufu wowote uliotokea, kwamba mambo ya kambini ni magumu, na kwamba anaomba jina la mwanawe lifikiriwe. Niliwaza uraia. Niliwaza katibu na simu yake.

"Hapana," rafiki yangu akasema, kwa Kiingereza chake cha ghalani, taratibu. "Hakusema hivyo." Akaeleza mwenyewe, neno kwa neno. Miaka mitatu. Kitunguu hakukitaja, ila mtoto aliyelia alimtaja, kisha akasema alama za kila zamu ya mtoto huyo siku ile, ambazo mimi mwandishi wa alama nilikuwa nimezisahau. "Nilijua," akamaliza. "Andikeni hilo pia."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Tulishindwa kwa mikono michache. Katibu aliinua wake nusu, akaushusha, akauinua tena upande wa hapana. Mzee wa kofia, ambaye sikumtarajia, alikuwa upande wetu. Kisha mwenyekiti akatushukuru kwa mjadala wenye kujenga, na kilichojengwa mimi sikukiona. Ukuta wenyewe haukujengwa kamwe. Baada ya jiji kufunguliwa waliishiwa hamu. Mstatili ule upo mpaka leo. Uraia wa rafiki yangu ulimfikia baadaye, wenye Januari mosi ileile.

Naamini mama alikuwa sahihi kuliko sisi sote, pamoja na wale wa Marekani. Kuandika jina bila kosa ni uongo, na kung'oa jina ni uongo wa aina nyingine, kwa sababu mpira ule ulirushwa na niliuandika mimi.

Jioni ya Jumamosi ileile nilimpigia mama kumwomba radhi kwa tafsiri yangu, nikaanza kueleza habari za faili na hatari. Akanikata.

"Wamesikia?"

"Wamesikia, mama. Wamekataa."

"Nimekuuliza wamesikia."

"Wamesikia."

"Haya."

Kesho yake ibada ilikuwa mtandaoni kama kawaida ya siku zile. Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, na kwenye kioo changu likatokea paji la uso, kisha dari. Kulikuwa na mgeni mmoja wa Kiingereza kwenye ibada. Mchungaji akanitaja mimi nitafsiri.

"Huyu sawa," mama akasema. "Lakini safari hii, mwanangu, usinipunguzie."

Akaanzia kwenye lava.