Niliomba barabara ifungwe, mume wangu akakosa pa kufanyia kazi

Admin, nifichie jina, mji wetu ni mdogo. Mimi ni mama wa miaka 36, huku kaskazini ya Cabo Delgado. Nakaanga bajia kwenye barabara ya maduka. Nina mume na binti wa miaka saba, tumwite Amina.

Mume wangu anaendesha chopela, ile pikipiki ya magurudumu matatu. Kijiwe chake kilikuwa palepale mbele ya maduka. Ndipo tulipojuana, ndipo tulipopatia riziki miaka yote. Mwaka juzi Amina alivuka kunifuata, pikipiki ikampitia. Mguu ukaunga vibaya, mpaka leo anachechemea.

Watu wa munisipio, wale wanaoendesha mji, wakaitisha mkutano. Wakasema wanataka kuifunga barabara ile, vyombo vya moto visipite, wapande miti, waweke mabenchi. Mimi nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Fungeni. Mwanangu amevunjikia pale." Wanawake wakapiga vigelegele. Mume wangu alikuwa nyuma na madereva wenzake. Sikuthubutu kumwangalia.

Ikafungwa kweli. Miti imeshika, vivuli vimeanza, watu wanakaa na kupiga soga, bajia zangu zinaisha kabla ya alasiri. Lakini chopela zimehamishiwa nje ya mji ambako abiria hakuna, kwa hiyo mume wangu sasa anapakia watu wa njia ya Pundanhar. Mnaoijua njia ile mnajua: mashimo, matope, na hofu ya wenye silaha wa porini, ambayo huku hatupendi kuitaja. Akiondoka, nahesabu saa mpaka arudi. Akirudi, namwandalia.

"Baba Amina, chakula tayari."

"Kula wewe. Wewe una barabara."

Wake wa madereva salamu yangu hawaitikii. Nimechoka, jamani. Nimechoka hata kulia.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alikuja pale kwa miguu, mara ya kwanza tangu ifungwe. Akakaa kwenye benchi. Amina alipomwona akamkimbilia kutoka mwisho wa maduka, na mguu wake uleule, hakuna aliyemshika mkono, wala hakutazama kulia wala kushoto. Baba yake akamkumbatia, akafuta macho kwa kofia. Nikadhani yamekwisha. Nikampelekea bajia.

Akaniambia taratibu, bila hasira, "Nimeona, Mama Amina. Ulisema kweli. Sasa mimi niende wapi?"

Asubuhi yake akawasha chopela, akashika njia ya Pundanhar.

Sasa kuna mkutano mwingine wiki ijayo. Wenye maduka wananitaka niwasemee, barabara ibaki hivi hivi. Madereva wanataka ifunguliwe, na wamemwambia mume wangu aniombe ninyamaze. Yeye hajaniomba. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Ndugu zangu, mliooa na mlioolewa, mngekuwa mimi mngesema nini mbele ya watu wale, naye amekaa nyuma ananisikiliza?