Kukaa Wima kwa Wakwe

Upumbavu wangu ni huu: moyo ulipokuwa ukifa, mimi nilikuwa nafunga vifungo vya shati.

Tulikuwa Myanga, kwa wazazi wa mke wangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kule Kitale sofa imeshika umbo langu. Kwa wiki kadhaa kifua kilikuwa kikinibana nikipanda mlima wa sokoni, nikipumzika kinaachilia. Nikasema ni gesi. Nilimaliza kidato cha nne, gesi naijua.

Siku hiyo kilinibana nikiwa nimeketi, firigisi bado mdomoni. Kama mtu ameniwekea gunia la mahindi kifuani, kisha akalikalia. Maumivu yakapanda tayani, yakashuka mkono wa kushoto. Jasho baridi likanitoka.

Mke wangu akaona. "Baba, fungua shati ulale hapo kwa kiti."

"Na mama yako yuko mlangoni?" Nikafunga hata kifungo cha shingoni.

Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wala hamtazami machoni, seuze kulala kifua wazi mbele yake. Naye, uso ameugeuzia nje, akamwambia binti yake: "Uliza mkwe kama kuku yetu ni mbaya. Mbona hakuli?"

Nikala. Nikaomba maji ya magadi, nikanywa, nikacheua, nikajipongeza. Mchana ukapita nikiwa wima kama picha ya ukutani, hadi nikaanguka, kichwa kikatua miguuni pa mama mkwe yule yule.

Hospitalini Bungoma walinitafunisha aspirini, wakanibandika nyaya za mashine ya kupima moyo. Daktari hakunibembeleza.

"Mzee, mshipa wa moyo uliziba. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia sana mtu akikuja mapema. Wewe ulikaa. Sehemu imekufa, na hairudi."

"Na ile ya kubana nikipanda mlima?"

"Hiyo ilikuwa onyo. Na ilipoanza kukubana ukiwa umeketi, ungekimbizwa hapa mara moja."

Sasa nikienda chooni napumzika njiani. Mke wangu analima peke yake.

Jirani yangu wa Kitale, mama asiyejua kunong'ona, alikuja kunipa pole. Alisikiliza yote, akamaliza chai, akasema:

"Ati uliogopa kulala mbele ya mama mkwe? Ungekufa, si angekuja kukuangalia umelala tu kwa sanduku, na hungeamka kumwachia kiti!"