Salamu ya Abedi na Kompyuta ya Papa Okito

Garanti ya kompyuta ya Papa Okito wa Alunguli iliisha Jumanne. Alhamisi ya wiki iliyofuata mashini ikazimika mbele ya macho yake, ikakataa katakata kuwaka. Siku tisa tu! Akampigia simu muuzaji kule Goma, na yule bwana akamjibu kwa upole wa mtu asiyejali: "Garanti imekwisha, mzee. Nunua ingine."

"Nunua ingine!" Papa Okito aliwarudia maneno hayo watu wote wa mtaa, hata kuku.

Lakini kompyuta yenyewe haikuwa shida. Shida ilikuwa jirani yake, Mama Rachida. Jumapili alikuwa na akika ya mjukuu wake, na mtoto angepewa jina la Abedi, kaka yake Rachida aliyepotelea Lokandu wakati wa vita. Rachida alikuwa ameomba kitu kimoja: Papa Okito asome mbele ya watu maneno ya mwisho ya Abedi, vile yalivyosemwa redioni. Na maneno hayo yalikuwa ndani ya ile mashini, kwingine hakuna.

Ngojeni nieleze. Miaka ile ya vita, treni haiji, chumvi inapimwa kwa kijiko, redio iliyobaki ikisema katika mtaa ule ilikuwa ya Okito peke yake. Betri mpya zitoke wapi? Kila asubuhi alianika zile za zamani juu ya bati, jua lizitie nguvu kidogo, jioni apate nusu saa ya kusikiliza salamu: fulani aliye msituni anamjulisha mama yake kwamba yuko hai. Okito aliandika kila neno kwenye daftari, kesho yake akapanda baisikeli kupeleka. Hakuna aliyemtuma. Watu walimpenda kwa hilo, na walikuwa na haki. Mwaka jana binti yake Nicole alipomletea kompyuta, mzee alinakili madaftari yote kwa kidole kimoja, kisha mchwa wakamaliza karatasi.

Basi mashini ilipokufa, Papa Okito alifanya kile alichokijua. Ijumaa asubuhi alichomoa betri, akaianika juu ya bati.

Wee! Kufika saa sita imevimba kama andazi. Nicole akaiangusha mchangani kwa mti wa ufagio, huku anapiga kelele: "Papa, hii si betri ya redio! Unataka tuungue?" Akafunga mashini kwenye kitenge, akamshika baba yake mkono, wakavuka mto kwenda kwa Jérémie, fundi wa kompyuta.

Hapa mtumbwini lazima niseme ukweli wa Papa Okito. Nusu ya moyo wake iliomba mashini isipone. Ile salamu ya Abedi hakuipeleka yote. Abedi alikuwa amesema: "Dada Rachida, niko muzima. Baisikeli yangu usiuze, nitakuja kuipanda." Lakini Rachida alikuwa ameshaiuza siku tatu kabla, apate dawa ya mtoto, na aliyeinunua ni Okito mwenyewe. Ndiyo hiyo hiyo aliyopandia kupeleka salamu. Alifika nayo mlangoni, akasema, "Abedi yuko muzima," akanyamaza. Abedi hakurudi tena. Zaidi ya miaka ishirini Okito alikuwa anaona aibu, na hakumwambia mtu.

Jérémie alifungua mashini, akainusa, akacheka. "Kadi kubwa ya ndani ndo imeungua, Papa. Betri ilikuwa muzima, wewe ndo umeiua. Lakini diski iko." Akaichomoa, kitu kidogo cha kuenea kiganjani, akaiunganisha na mashini yake. Salamu zote zikatokea. Nicole akapiga vigelegele. Baba yake akaomba ile ya Abedi ichapwe kwenye karatasi, akaikunja mara nne.

Jumapili hakuingoja. Jumamosi asubuhi alimkuta Rachida anachagua mchele wa karamu.

"Mama Rachida, kabla watu hawajasikia, sikia wewe kwanza. Nilikuficha kitu." Akasoma yote, mpaka baisikeli.

Machozi yalimtoka Rachida, lakini mikono yake haikuacha mchele.

"Nilijua, Papa Okito. Shangazi yangu wa ng'ambo ya mto alisikia salamu ile ile, akaniambia juma lile lile."

"Ulijua! Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nakujua wewe, ungeirudisha baisikeli siku hiyo hiyo. Na wamama wote waliokuwa wanakungoja, ungewafikia na nini? Asubuhi nikisikia kengele ya ile baisikeli inapita, nilikuwa nasema moyoni, Abedi anapita."

Papa Okito alivua miwani, akalia waziwazi kwenye kiti cha plastiki. Rachida alimwacha alie, kisha akamletea chai.

"Kesho usome yote," alisema. "Na baisikeli."

Jumapili alisoma yote. Alipomaliza, alitoa mfukoni ile kengele kuukuu, aliyoifungua usiku kutoka kwenye vyuma vya baisikeli vilivyobaki nyuma ya nyumba, akaipiga mara mbili. Watu walitazamana, hawakuelewa. Rachida, mtoto mikononi, akaitikia kama mtu aliyebishiwa hodi:

"Karibu, Abedi."